Swali Ulilotuachia, Mama

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu ulipotuacha na swali. Ulikuwa umelala hospitalini, sauti imekauka, nasi tukadhani unataka maji. Kumbe ulikuwa unauliza: "Yule Bwana Noti, atathubutu kweli?" Uliondoka bila kujua, na hilo lilituuma sana.

Kazi yako tulichelewa kuielewa. Majirani walisema unafundisha chuo kikuu, wewe ukakataa: "Sifundishi wanafunzi. Nawasumbua walimu." Ulikaa na wahadhiri mkapanga upya masomo yao, ili hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza afanye utafiti wa kweli, si kurudia majaribio ambayo majibu yake yako kitabuni. Sharti lako lilikuwa moja tu: kila somo liwe na swali ambalo hata mwalimu hajui jibu lake.

Nyumbani nako hatukupona. Mtu akisema mchuzi umechacha kwa sababu ya joto, unamtazama: "Umejuaje?" Basi vibakuli vitapangwa, kimoja dirishani, kingine chini ya meza, na sote tutapewa zamu ya kunusa. Baba, fundi cherehani asiye na maneno mengi, alinung'unika: "Mke wangu, mimi nilitaka kula tu."

Bwana Noti ndilo jina ulilompa mhadhiri wa kemia aliyewasomea wanafunzi noti zilezile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ulimpenda. Ulisema ni mtu mwema, ila anaogopa kusimama mbele ya darasa na kusema "sijui". Mlimaliza kupanga somo lake, ukaugua kabla muhula haujaanza.

Mwezi uliopita alibisha hodi. Akakaa kwenye kiti chako bila kujua ni chako, tukamwacha. Alisimulia kwamba aliwauliza wanafunzi kwa nini maji ya maabara hutoka na rangi ya kutu asubuhi, na mchana huwa safi. Mmoja akamrudishia swali: yeye mwalimu anaonaje?

"Nilizifunga noti zangu," alisema. "Nikawaambia sijui. Nikangoja wanicheke. Wakachukua chupa, wakaenda kupima." Sasa wamegundua kutu inatoka kwenye bomba la ghorofa yao, si kwenye tangi kama wote walivyodhani.

Baba akaweka kikombe chini, akamsogelea.

"Mmejuaje?"

Tulicheka mpaka tukalia, Mama. Bwana Noti naye akafuta macho, kisha akaeleza vizuri, chupa ya tangini na chupa ya bombani, na Baba akamkatiza kila mara kwa swali jingine mpaka chai ikapoa.

Alithubutu, Mama.

Unakumbukwa na mumeo, binti yako muuguzi, mwanao dereva, dada yako, wajukuu wako wanusaji, na walimu wote uliowasumbua. Hatutakusahau kamwe. Na ukituuliza tumejuaje, mwulize Baba.