Rili Yenye Mguu wa Kizee

9 Januari

Bi Mnada, binti yangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, isipokuwa goti linalonisimanga nikipanda ngazi. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe husema, "Nitakupigia, baba," na kweli unapiga, ila ni baada ya wiki tatu. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana, basi nami nadai nusu yangu.

Nilikuwa natoa nguo za marehemu mama yako kabatini, maana nondo wameanza kuzila. Chini kabisa nimekuta rili ya babu yako, ile mashine ya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki uliyokuwa ukiichezea utotoni. Nikasema, mimi nina mtoto kwenye nyumba ya mnada, kazi yake ni kutambua fimbo na rili za zamani na kutaja umri wake, halafu nikae bila kujua? Nzima ni nzito kwa posta. Nimeifungua kwa bisibisi yangu ya vyerehani, nakutumia mguu wake, ile sehemu inayokaa kwenye fimbo. Nimeusugua kwa ndimu na majivu mpaka unang'aa.

Ni mimi, baba yako.


2 Februari

Shikamoo baba,

Pole na goti. Mimi mzima, kazi nyingi.

Nani alikutuma usugue? Ule weusi wa shaba ndio cheti cha kuzaliwa cha rili. Sisi tunasoma umri humo, wewe umeufuta kwa ndimu! Hata hivyo kimebaki cha kusoma. Mguu ni shaba ya manjano tupu, na mifuo ya skrubu zake imekatwa kwa mkono, haiko katikati sawasawa. Kingo zimepigwa tupa. Wavuvi walifanya hivyo mguu ulipogoma kuingia kwenye fimbo. Rili hii imemzidi babu umri, kwa hiyo na yeye aliinunua kwa mtu.

Nipigie picha ya rili nzima, nitakumalizia mara moja.

Mwanao.


20 Februari

Bi Mnada,

Marahaba, mama. Picha haitawezekana, simu yangu imetumbukia kwenye beseni la kufulia. Nakutumia mkono wake wa kuzungushia. Sikuusugua, nimekoma.

Nyumba imekuwa kimya. Jana asubuhi nilitoa vikombe viwili kwa mazoea, nikanywa chai yangu huku kile cha pili kikinitazama. Nisikuchoshe na hayo. Wewe unakula? Una rafiki wa kutembeleana naye? Chumba chako kina dirisha?

Baba yako.


25 Machi

Shikamoo baba,

Samahani kwa kuchelewa. Nimekigusa kishikio cha mkono kwa ncha ya sindano ya moto. Kimenuka nywele zilizoungua, kwa hiyo ni pembe ya ng'ombe. Kingekuwa plastiki kingenuka dawa. Mguu na mkono ni wa rika moja, hawana ugomvi.

Huku salama, kazi nyingi.

Mwanao.


18 Aprili

Bi Mnada,

Kazi nyingi, kazi nyingi! Niliuliza dirisha, umenijibu pembe. Haya, kuuliza si ujinga, nitauliza tena siku nyingine.

Mimi sijambo. Kwenye bahasha kuna gurudumu linalokunjiwa mshipi, kitufe cha breki yake, na kipande cha fimbo iliyokuwa pamoja na rili. Mwenye duka la chini kaniuliza kwa nini siku za posta natembea kama bwana harusi. Nikamwambia napeleka mgonjwa kwa daktari, kiungo kimoja kimoja. Alicheka mpaka akakosea, akanipa sabuni nisiyoitaka.

Kila anayekuulizia hapa namwambia uko kwenye mnada, na wakubwa wanakutegemea.

Baba yako.


10 Mei

Shikamoo baba,

Natumai u mzima. Leo sina maneno mengi.

Gurudumu ni la alumini, limemiminwa kiwandani juzi juzi tu ukilinganisha na ule mguu. Kitufe ni plastiki. Fimbo za rika la mguu ule zilikuwa za mianzi, vibanzi sita vilivyogundishwa pamoja, na hiki kipande chako ni nyuzi za kioo. Tundu la gurudumu haliupokei ule mkono hata ukitumia nyundo. Rili yako ina mguu wa kizee, mkono wa kizee mwenzake, tumbo la kijana na kitovu cha mtoto mchanga.

Fundi aliyezeekea kwenye vyerehani hawezi kukosa kuyaona haya. Njia ya mwongo ni fupi, baba. Umetapeliwa, au unanitania?

Mwanao.


1 Juni

Binti yangu,

Sijatapeliwa. Nilivyovikuta kabatini ni mguu na mkono tu, sehemu nyingine zililiwa na kutu zamani. Uliponijibu habari ya mkono niliona shughuli imekwisha, na barua zako nazo zitakwisha. Nikaenda kwa muuza vyuma chakavu nikachagua. Nimeshaweka na vingine vya miezi ijayo.

Ninakaa dirishani nikimngoja mtu wa posta. Akipita bila kusimama, siku hiyo huwa ndefu kweli. Mimi ni mpweke, mwanangu. Nimelisema, na aibu yake nimeimeza.

Una kazi na wakubwa wako wanakutazama. Usihangaike kujibu, sitakusumbua tena.

Baba yako.


14 Agosti

Shikamoo baba,

Nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana. Hii sitaichana.

Sina kazi. Nyumba ya mnada ilifunga kitengo cha vifaa vya uvuvi kabla barua yako ya kwanza haijafika. Siku niliyopokea ule mguu nilikaa kitandani nikalia. Kisha nikaoga, nikavaa nguo zangu za kazini zote mpaka viatu, nikaenda nao maktaba ya umma kuulinganisha na picha za vitabuni. Nilivaa hivyo kila ulipotuma kitu. Mtu anayeijua kazi anautambua mguu kama ule kabla chai haijapoa, nami niliuvuta wiki nzima usiishe. Maswali yako ndiyo kazi pekee niliyokuwa nayo.

Chumba hakina dirisha. Nafagia ofisi za watu wakishaondoka, na nikirudi chumbani wapangaji wengine wameshalala. Wiki hii nimemwambia mtu "samahani" kwenye ngazi, basi, hayo ndiyo mazungumzo yangu. Sikukwambia kwa sababu umeshawatangazia watu wote kuwa una binti wa mnada.

Gurudumu la alumini nililitambua nilipofungua bahasha tu. Ningeweza kunyamaza tukaendelea. Lakini nilikuwa nimekuongopea kila kitu, baba, na habari ya rili peke yake ndiyo iliyokuwa kweli. Ile sikuweza kuiharibu.

Kama bado una vyuma, tuma. Hata kifuniko cha sufuria tuma, nitakwambia umri wake.

Mwanao.


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo.

Kumbe wakati mimi nadhani nakuibia muda wako, wewe ulikuwa umekaa nao huko, hujui pa kuupeleka. Barua yako nimeisoma, nikatoka nje, nikarudi nikaisoma tena.

Sitatuma kitu. Vile vyuma vyote nilikuwa nimevipanga juu ya kitanda chako. Leo asubuhi nimevipakia kwenye toroli nikamrudishia mwenyewe, akanicheka, nikamwacha acheke. Mwenye duka nimemwambia huna kazi na unakuja kukaa na mimi. Akasema pole, akaniuliza unapenda mto mgumu au laini, nikaona haya, maana mimi baba yako silijui hilo.

Nimenunua yote miwili. Njoo.

Baba yako.