Rekodi ya Mumbua na Sura Yangu ya Tatu

Alhamisi, Mukuyuni.

Mawingu yamekuja tangu asubuhi, yameiangalia mimea yetu, yakaenda zao upande wa Kitui. Nami nimeshinda hivyo hivyo, nimejaa kitu na sijui nikimwage wapi. Nakimwaga hapa. Majina ya watu nimebadilisha.

Wanaonisoma wanajua nafanya uzamili wa historia, na kwamba hakuna aliyenishika mkono. Karo ya digrii ya kwanza nililipa kwa kuuza mayai ya kuchemsha na karanga kwa madereva wa malori pale Mtito Andei. Kule unajifunza hesabu za haraka, na unajifunza kutomwamini mtu anayesema atakulipa akirudi kutoka Mombasa.

Muhula huu msimamizi wangu, Daktari, amenipa mwanafunzi wa mwaka wa tatu nimlee katika utafiti. Bila malipo. Eti itanijenga. Mimi nimejijenga tangu zamani, lakini msimamizi humkatalii.

Msichana anaitwa Mumbua. Mtoto wa walimu wawili, ana laptopu yake mwenyewe, anacheka ovyo. Nilianza kumshuku siku ya kwanza, na nitasema ukweli, sikuwa na sababu.

Jumatatu akanipa sababu.

Tunakusanya kumbukumbu za kilumi, ile ngoma ya wanawake ya kuita mvua na kutuliza pepo. Mwaka jana nilihoji akina mama wazee wa Kalamba, mmoja mmoja. Wote waliniambia kitu kimoja: hatukucheza, hatukuona, sisi tuliokoka mapema. Sura ya tatu ya tasnifu yangu imesimama juu ya maneno hayo. Inasema kanisa lilifika Kalamba na ngoma ikafa kabla ya wanawake hawa kuwa watu wazima.

Sasa Mumbua ananiletea rekodi ya saa mbili. Mzungumzaji ni Susu Kalondu, nyanya niliyemhoji mimi mwenyewe, kiongozi wa akina mama kanisani kwake. Anaeleza nguo, nyimbo, nani alianguka na pepo gani. Anasema mara ya mwisho alicheza akiwa na kitinda mimba wake mgongoni. Na katikati ya maneno yake ngoma inalia!

Nikapiga hesabu. Mimi aliniambia aliokoka kabla ya kuolewa. Huyo kitinda mimba wake tulisoma naye darasa moja. Kwa hivyo mojawapo ya hadithi hizi ni uongo, na yangu ilikuwa na Amina mwanzo na mwisho. Nikaamua kwamba Mumbua amemfundisha mama mwingine cha kusema, na ngoma ameichota mtandaoni.

Jioni ileile nikamwandikia Daktari: nina shaka na kazi ya Mumbua. Akajibu kwa mstari mmoja. Ijumaa tukae watatu; kama ni uongo, msichana anatoka kwenye mradi.

Mumbua mwenyewe sikumwuliza hata swali moja.

Leo nikaenda Kalamba kutafuta ushahidi. Nilimkuta Susu nje ya jikoni, karai la ndengu mapajani, anatoa mawe na takataka. Nikaketi, nikasema kama kawaida yangu, "Susu, tufungue na neno la maombi." Nimelelewa hivyo. Kwetu hata kikao cha kununua mbuzi wa sherehe hufunguliwa na maombi. Susu akaweka karai kando, akakaza kitambaa kichwani, akanyoosha mgongo. Tukaomba. Niliposema Amina, akaanza mara moja: "Bwana asifiwe! Mimi naitwa Kalondu, nimeokoka, na nampenda Yesu."

Sauti ileile ya mwaka jana. Sauti ya ushuhuda wa Jumapili.

Nikamkatiza, nikamwuliza kama Mumbua aliwahi kufika kwake.

"Yule mtoto? Alikuja. Akakaa hapo hapo ulipo, tukachambua ndengu mpaka gunia likaisha. Anacheka huyo, mpaka kuku wakahama."

"Na kilumi, Susu? Mimi uliniambia hujawahi kuiona."

Akaniangalia kwa huruma, kama anayemwona mtu aliyevaa sweta nje ndani. "Mwiitu, binti yangu, wewe ulifungua na maombi. Sasa nianze kutaja pepo hata Amina haijapoa?"

"Na Mumbua?"

"Yule alifungua na ndengu."

Kisha akachungulia njiani kama kuna mtu wa kanisa anapita, akamwaga ndengu kwenye ungo, akageuza karai, akalipiga kwa viganja. Ilikuwa ile ngoma. Ileile. Alipomaliza akanionya jina lake lisionekane popote. Mumbua alishamwahidi hilo.

Nilipofika barabarani nikampigia Mumbua simu. "Ulijua kwamba maombi yangu ndiyo yanawafunga hawa wamama midomo?"

Akajibu: "Madam, nilishuku tu, vile nilisikiliza rekodi zako. Lakini nani atamwambia madam aache kuomba?"

Labda ni heshima. Labda alinyamaza ili rekodi nzuri iwe yake peke yake. Bado namshuku kidogo. Tabia haiachwi kwa siku moja.

Ila nikijihoji mwenyewe, nakuta kitu kisichopendeza. Jumatatu niliiogopa ile rekodi kabla sijapiga hesabu yoyote. Ikiwa ni ya kweli, sura ya tatu inaanguka, na mimi naongeza mwaka mzima chuoni kwa karo ninayojilipia mwenyewe.

Kesho ningeweza kusema maneno mawili tu: sina uhakika. Mumbua angetoka, kurasa zangu zingebaki. Nani angeenda Kalamba kuuliza? Susu, kwa jinsi anavyolinda jina lake, hangekuja kumtetea mtu. Niliipiga hesabu hiyo njia nzima ya kurudi, na kila mara ilinitokea sawa.

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Nimemwandikia Daktari sasa hivi, kabla sijawasha hata jiko. Rekodi ya Mumbua ni ya kweli, nimethibitisha. Wanawake niliowahoji mimi walikuwa wananipa ushuhuda wa kanisani. Sura ya tatu naiondoa.

Ujumbe ameusoma. Hajajibu.

Kesho saa nne tunaketi watatu. Mumbua atabaki kwenye mradi, hilo sina shaka nalo. Je, atataka kubaki nami akijua nilichoandika Jumatatu? Nitamwambia mwenyewe pale mlangoni, kabla Daktari hajafungua mdomo.