Ndara Iliyobaki Mlangoni

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Mimi sijambo, kazi ipo, na chumba changu hakivuji tena tangu mwenye nyumba abadilishe bati.

Ila kuna jambo linaninyima raha. Unamkumbuka Mama Pacha, yule tunayekaa naye meza moja pale kiwandani, tukipaka gundi soli za viatu? Juzi tukitoka kazini ndara ilimchomoka mlangoni, naye akaendelea kutembea. Nikamwita, "Mama Pacha, ndara!" Akatazama chini, akacheka. "Kumbe!" Mguu mtupu juu ya kokoto, na hakusikia kitu.

Wenzangu walicheka. Mimi nilishindwa. Mtu anakanyagaje kokoto asisikie? Basi wakati wa chakula nazunguka namuuliza huyu na yule. Kule chumba cha kushona, chenye madirisha, wote wazima. Kwetu kwenye gundi, madirisha yamepigiliwa misumari ati vumbi lisiingie, na karibu kila mmoja ana ganzi miguuni. Kila mtu alidhani ni yake peke yake. Mmoja alisema ni uzee, na tuko rika moja!

Kesho namuuliza msimamizi.

Binti yako


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua si kibaya. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikatafuta pa kukaa.

Tafadhali usimuulize huyo msimamizi. Ulipokuwa mdogo uliuliza mpaka mbuzi anawaza nini, tukakuita Bi Kwanini, tukacheka. Kiwandani hawacheki. Baba yako, Mungu amrehemu, aliuliza mara moja tu kule bandarini kwa nini winchi ya kupakulia mizigo haitengenezwi, na asubuhi yake akakuta mtu mwingine mahali pake. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kitu. Hata mimi hakuniuliza nimeshindaje.

Tafuta kazi nyingine kimyakimya, uondoke. Na wewe je, miguu yako inasikia? Nijibu upesi.

Mama yako


30 Machi

Mwanangu,

U hali gani? Umekula? Unalala? Sijapata jibu, na pale posta wameshanichoka. Karani akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Nimefanya lile nililokukataza. Hapa hospitali ninapofua mashuka yupo daktari wa kike. Nilimvizia kwenye ngazi, mikono ikiwa bado na povu, nikamwambia, "Samahani daktari, hivi gundi inaweza kuua miguu?" Alikuwa na haraka, lakini akasimama. "Chumba kina hewa?" Nikamwambia kuhusu misumari. Akakunja uso. Anasema mvuke wa baadhi ya gundi unaharibu mishipa ya fahamu. Watoke humo, wapimwe. Wakiwahi, wengi hupata nafuu.

Toka humo, mwanangu. Kila nikisikia hodi moyo unapasuka. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako


26 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe. Nilifukuzwa kazi, nikashindwa kukuambia, nikahama chumba. Barua zako zote mbili zilifikia kiwandani, Mama Pacha ameniletea jana.

Nilimuuliza msimamizi mbele ya watu. Akaacha kalamu. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimeona miguu ya Mama Pacha."

"Wewe umeajiriwa kupaka gundi au kuangalia miguu ya watu?"

Saa ileile nikatolewa getini na mlinzi. Nililia njia nzima, Mama, nikikuona wewe na baba. Nikasema nimeyarudia yaleyale.

Kumbe asubuhi yake Mama Pacha aliingia, hakukaa. Akauliza, "Na mimi nataka kujua, kwa nini sisikii miguu yangu?" Akafuatia wa meza ya pili. Kisha wa nyuma yake. Mwisho chumba kizima kikatoka, kikasimama uani, hakuna matusi, hakuna kelele, kila anayepita anaulizwa swali lilelile. Habari zikafika ofisi ya kazi, na siku chache baadaye akaja mkaguzi. Aliingia chumba cha gundi, akatoka upesi ameshika leso puani. Amekifunga mpaka kipate madirisha na feni, na wote wanapelekwa kupimwa. Mimi hawajanirudisha. Wananiita mchochezi.

Uliniuliza kuhusu miguu yangu. Ganzi imefika vifundoni. Daktari wa hapa anasema nimewahi, lakini nikishuka ngazi nashika ukuta. Naogopa, Mama.

Binti yako


4 Mei

Mwanangu,

Pole, mama. Pole sana. Nakuja Jumamosi, usininunulie godoro, tutabanana.

Leo nilimfuata bosi wa dobi humo tunamofulia, kuomba ruhusa. Akauliza nina shida gani, nikamweleza habari ya miguu yako. Akasema pole, akanisainia. Ilikuwa nigeuke niondoke. Sijui mdomo uliponyokaje, nikasikia sauti yangu inamuuliza mbona glavu zimefungiwa kabatini, na sisi tunafua mashuka yenye damu kwa mikono mitupu.

Wenzangu waliacha kufua. Maji yanatiririka, wote wanamtazama yeye. Akasema tutaongea nikirudi.

Nikamwambia, "Naomba tuongee sasa."

Niliogopa, mwanangu. Lakini sikutoka.

Mama yako