Ripoti za Ami Aidarus

Mzamil, nimemwangamiza Ami Aidarus kwa mikono yangu.

Ile seva ya barua pepe, kompyuta niliyoiweka mwenyewe nyumbani kwa programu ya Linux, nikajigamba kwako, ndiyo niliyoitumia kupeleka ripoti zake za moyo India.

Leo hospitali ya huko imenipigia simu. "Hatukupata kitu. Nafasi yake ya upasuaji tumempa mwengine."

Hawakupata kitu, yakhe! Wallahi hata ripoti moja!

Nimefungua seva nikaona barua zote zilikataliwa, eti intaneti ya nyumbani haiaminiki kutuma barua. Onyo lilikuwapo siku zote, sikulitazama.

Nikamwendea nimwambie. Kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Mwanangu, India kuna baridi? Nichukue sweta?"

Nimemwambia achukue.