Saa Niliyoivaa kwa Maringo

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu tele kutoka kwa mjomba wako, yule yule mmoja, hajapunguzwa. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuacha? Na kulala, unalala, au bado unajibu simu za watu hadi chakula kinapoa mbele yako? Mama yako anasema sauti yako imekonda. Sijui sauti hukondaje, lakini yeye ndiye mama.

Sisi hatujambo. Mgongo unanisema kila nikiinama, ila kochi la watu watatu bado nalibeba peke yangu, na hao watatu wakiwa wamekaa juu yake. Mkaza mjomba wako akisoma hapa atacheka, lakini siku hiyo yeye hakuwepo.

Barua yako niliipata. Niliisoma nimesimama, nikamsomea kinyozi wa hapo jirani, nikawasomea na wateja ambao hawakuuliza. Mkurugenzi mzima, anayebishana na wakubwa ili watu wa mitaa kama yetu watibiwe akili zao sawasawa na wenye magari, anamwandikia mjomba wake aliyeishia darasa la sita aje asimame jukwaani, mbele ya mkutano, aeleze alivyomwokoa mtu asijiue. Nilinunua hadi rangi ya viatu.

Halafu nikakaa chini, na kuinuka sikuweza. Mpwa wangu, usinipandishe jukwaani. Hadithi uliyoisikia si ya kweli, na aliyeisambaza ni mimi.

Unakumbuka ulipokuja kutufundisha, sisi ambao watu hukaa kwetu kupiga soga: vinyozi, washonaji, na mimi mwenye viti vya bure. Siku ya kwanza nilikaa mbele kabisa. Siku ya pili, ile ya dalili za mtu anayetaka kujiua, nilikwambia nina mteja mkubwa. Hakukuwa na mteja. Nilikuwa barabarani na ile fulana mliyotugawia, nageuka geuka ili watu wasome mgongo.

Fundi Saa unamfahamu, yule wa kibanda cha kioo mkabala na karakana, aliyekutengenezea saa yako ya shule. Tangu mkewe afariki, na watu wote wahamie kutazama saa kwenye simu, alikuwa anafungua kibanda, anakaa, anafunga. Alasiri moja alivuka barabara, akaja kukaa kwenye kochi nililokuwa nimelivua kitambaa. Akabonyeza springi moja kwa kidole. Kisha akasema, "Jirani, nimechoka. Naona hata nisipokuwepo, hakuna kitakachopungua."

Kazi yako yote, mpwa wangu, ilikuwa imekaa mbele yangu juu ya springi tupu. Nami nikamjibu nini? "Umechoka wewe? Hujaona kuchoka." Nikamwanzishia ile ya kabati, nilivyolipandisha mgongoni hadi ghorofa ya saba, na kufika juu tukafungua mlango, mwenye kabati akatoka ndani anapiga miayo. Mtu ameleta uchungu wake, na mimi nikatoa wangu, mkubwa zaidi, wa uongo, ili nimshinde.

Alicheka kidogo. Akavua saa yake, ile ya mkanda wa ngozi aliyoachiwa na baba yake, akasema, "Kaa nayo wewe. Wewe una mambo mengi ya kuwahi." Nikaipokea. Sikuuliza kitu. Nilidhani ni tuzo ya hadithi tamu.

Kesho yake asubuhi nikapita zahanati kwa nesi wenu, makusudi, nikawa najikuna kichwa kwa mkono wenye saa.

"Unaiona hii, nesi? Ninyi mna vyeti, mimi watu wananivulia saa."

Hakucheka. "Hiyo si ya Fundi Saa?"

"Ndiyo yenyewe. Kanipa kwa moyo mmoja."

"Alisemaje alipokupa?"

Nikamweleza, naye alishaanza kuvaa viatu vyake vya nje. "Kibanda chake kimefunguliwa leo?"

Sikujua. Nimefanya kazi mkabala na kile kibanda miaka yote hii, na asubuhi hiyo sikuwa nimekitupia hata jicho. Nilikuwa natazama saa.

Tukakuta kibanda kimefungwa, tukakimbia hadi nyumbani kwake. Mtaani husema nilivunja mlango kwa bega. Mlango ulikuwa wazi. Tulimkuta amekaa kitandani, yu mzima, lakini nyumba imefagiliwa, nguo zimekunjwa, zana zake zimeviringishwa kwenye vitambaa kama za mtu anayesafiri. Nesi akakaa sakafuni, chini yake. Hakumwambia ajikaze. Alimwuliza wazi wazi, "Unafikiria kujiua?" Nilitaka kuziba masikio. Akajibu, "Ndiyo. Ilikuwa iwe leo." Kisha akalia, na nesi akabaki pale pale sakafuni, nami pale mlangoni sikuwa na hadithi hata moja.

Nesi hakumwacha peke yake. Dada yake Fundi Saa alikuja kuishi naye, anapata dawa, na kila wiki anaongea na mtaalamu pale pale zahanati, bila kusafiri kwenda hospitali kubwa, kwa sababu wewe uligombana na watu mpaka mtaalamu akaletwa huku. Hilo ndilo la kusema jukwaani.

Lakini kufika jioni ile mimi nilishakuwa shujaa. Waliniita Daktari wa Makochi, nikaitika. Siku moja kinyozi alinisifu, Fundi Saa mwenyewe akiwa amesimama pale. Akanitazama, akatazama chini, hakunikanusha. Afadhali angenitukana. Tangu hapo nikisikia jina hilo, mwili wote unapata moto kama nimefumaniwa.

Juzi nilimwambia kinyozi ukweli wote, kuanzia kwenye kabati. Alinisikiliza hadi mwisho, akapuliza mashine yake, akasema, "Sasa hapa ndipo umedanganya, mzee." Ndivyo nilivyowazoesha watu.

Saa nilijaribu kumrudishia mwenyewe mapema. Alisema, "Bado. Kaa nayo." Nikarudi kwa nesi mbio. Akaniambia nisimsukume, niwe namwuliza tu, na nikishamwuliza nifunge mdomo. Basi kila alasiri Fundi Saa huvuka, hukaa kwenye kochi, nami namwuliza kama yale mawazo yamekuja leo. Halafu nabana sindano ya kushonea kati ya midomo, maana bila hivyo nitamwanzishia ya kabati. Siku nyingine hasemi neno. Siku nyingine husema yamekuja, na tunafunga kazi tunakwenda wote zahanati.

Jana alikaa, akanyoosha mkono. "Lete."

Nikaivua. Akaifungua kwa ukucha, akaiweka sikioni, akakunja uso. "Unaikaza kama springi ya kochi. Hii ni saa, jirani." Akaifuta kwa shati, akaivaa. "Jumatatu nitaisafisha." Namshukuru Mungu nilikuwa na sindano mdomoni.

Kwa hiyo mkutanoni mwite nesi. Mimi nipe kiti cha nyuma, na ukifundisha tena ile siku ya dalili, niambie mapema. Safari hii sitakuwa na mteja.

Mama yako anakusalimu na anauliza tena kikohozi. Mkaza mjomba wako anakusalimu sana, anasema ule. Nesi na kinyozi wanakusalimu. Fundi Saa anasema ile saa yako ya shule, kama unayo bado, uje nayo ukija.

Mungu akutunze wewe unayetunza watu, akupe usingizi, na akuwekee wa kukuuliza nawe umeshindaje.

Jua limeshahama kwenye benchi na sijui ni saa ngapi, mkono wangu uko mtupu. Nikitaka kujua, navuka barabara namwuliza mwenye saa.

Wako akupendaye, na leo akuoneaye haya,
Mjomba wako.