Jina Lako Bado Lipo Kwenye Kishikwambi

Mama,

Nimechoka na mkate. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie. Salamu ziko nyuma yake. Baba hajambo, ila anapika wali ambao haujaiva na anasema ndivyo unavyotakiwa uwe.

Mkate ninaousema ni ule wa kwenye vishikwambi, somo la sehemu. Uliufungua wewe wiki ile uliyolazwa, ukatuahidi kwamba ukirudi tutamaliza kuukata tuingie kwenye desimali. Hukurudi. Darasa letu la sita alipewa Mwalimu Justina, na mpaka juzijuzi tulikuwa bado tunakata mkate uleule. Nusu, theluthi, robo. Kishikwambi kinauliza, tunajibu darasa zima kwa sauti moja, kinatupigia makofi, kinarudi mwanzo. Masanja, yule mtoto wa wafugaji anayekaa nyuma, alisema kwao ng'ombe wangeshaumaliza. Hata Mwalimu alicheka. Kesho yake tukaukata tena.

Kwa nini hatukwenda mbele? Hapo ndipo nilipokuwa nataka kulia kwa hasira. Kila asubuhi kishikwambi cha mwalimu kikiwashwa kinasema, "Karibu tena, Mwalimu Veronika," kwa ile sauti yake ya furaha, na darasa zima linanigeukia mimi. Ili kufungua somo jipya kinataka namba ya siri ya Mwalimu Veronika, na namba hiyo, Mama, uliondoka nayo. Nilijaribu siku niliyozaliwa. Nikajaribu siku aliyozaliwa Baba. Kikakataa zote. Siku hiyo nilikukasirikia. Unisamehe, lakini nilikukasirikia kweli.

Na dawa yake ni ndogo. Fundi aliyevileta alieleza: futa jina la zamani, andika la mwalimu mpya, weka namba mpya, endelea. Mwalimu Justina alikwenda kwenye mafunzo na walimu wenzake, akafundishwa hivyohivyo. Akarudi anajua. Hataki tu.

Kwanza nilidhani anaiogopa mashine. Ungemwona, Mama! Alikaa muda mrefu bila kubandua ile nailoni ya juu ya kioo, eti kisichubuke, kama alivyofanya kwa makochi yake. Anabonyeza kwa ukucha. Anabonyeza kwa kidole chenye vumbi la chaki, kisiposikia anakipuliza, halafu anakibembeleza: "Haya baba, funguka, watoto wanasubiri." Kikichelewa anatugeukia sisi: "Tulieni nyie, kinafikiri." Kipindi kikiisha anavikusanya vyote, anavifunika kitambaa cha kufuma na kuvifungia kabatini kama vikombe vya wageni. Mimi nakaa dawati la mbele. Naona kabisa pa kubonyeza, mkono unaniwasha, lakini mtoto akinyoosha kidole kumwonyesha mwalimu kazi yake anaonekana hana adabu. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, kwa hiyo nilikalia mkono wangu.

Siku moja uvumilivu uliniishia. Nilimfuata wakati wa mapumziko, nikapiga goti kidogo, nikamwuliza kwa nini tusifute jina twende mbele. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Khanga za mama yako zimegawanywa?"

Nikasema bado.

"Jembe lake kapewa nani?"

Nikasema bado, tunasubiri matanga.

"Basi. Khanga tu hazijaguswa, mimi niguse jina?"

Ni kweli Mjomba Gervas amesema matanga yako yatakuwa mpunga ukishatoka, ili watu wale washibe, na mpaka siku hiyo sanduku lako halifunguliwi. Lakini Mama, sanduku linaweza kusubiri. Desimali ziko kwenye mtihani! Mwalimu Mkuu naye alimjaribu, tukasikia dirishani. Alimwambia, "Madam, kile kitu ni mali ya shule." Naye akamjibu, "Kitu ni cha shule, mkuu. Jina ni la watu." Mkuu akatoka anatikisa kichwa. Wiki hiyohiyo akaja darasani kututangazia kwamba kama hakuna somo jipya litakalofunguliwa kabla ya likizo, vishikwambi vyetu vitapelekwa shule nyingine ambako vitafanya kazi.

Niliposikia hivyo nilikumbuka siku ulipokuja na kishikwambi nyumbani kwa mara ya kwanza ili ujifunze. Tulikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Ulibonyeza vibaya mara nyingi, kikawa kinapiga kelele, "Jaribu tena!", kuku wakakimbilia kwa jirani. Mimi nilicheka. Ulinifinya shavu ukasema, "Na wewe ulizaliwa hujui kula." Ukaendelea mpaka ukaweza. Sikukubali kitoke pale shuleni kwetu Majengo kwenda kwa watoto ambao hawajawahi hata kukuona.

Kwa hiyo Jumamosi nilimwomba Baba anipakie kwenye baiskeli mpaka Kasokola. Tulimkuta Mjomba katikati ya shamba anafukuza ndege kwenye mpunga. Nikamweleza yote, naye ananisikiliza huku anapiga debe.

"Jina?" Akapiga debe. "Tokeni huko, mashetani! Sasa jina tunaligawaje, mpwa wangu? Hata kwenye mfuko haliingii."

Nikamwambia, "Mjomba, khanga zisubiri mpunga. Mkate hauwezi kusubiri."

Alicheka mpaka ndege wakatua. Halafu akaacha kucheka, akamwuliza Baba kama huyo mwalimu kweli alikataa kuligusa jina lako mpaka ndugu waseme. Baba akasema ndiyo. Mjomba akaliweka debe chini. "Huyo alimpenda dada," akasema. "Jumatatu nakuja."

Alikuja na mabuti yake ya shambani, kofia mkononi. Masanja akaninong'oneza, "Enesta, mjomba wako kaja kuanza la sita?" Nikamkanyaga mguu. Mjomba aliomba kishikwambi chenye jina lako, akakishika kwa mikono miwili kama vinavyoshikwa vitu vya marehemu siku ya kugawa, akamwita Mwalimu Justina mbele yetu.

"Dada yangu alifanya kazi na hiki," akasema. "Vingine vyake vitangoja siku yao. Hili jina sisi ndugu zake tumelitoa leo, usiwe na wasiwasi. Shika, ufanye kazi."

Mwalimu alipiga magoti kwenye sakafu ya darasa, Mama, mbele yetu sisi anaotuchapa kwa kuchelewa. Akapokea.

Nikadhani sasa mambo yatakwenda haraka. Wapi! Alipobonyeza pale pa kufuta, kioo kikaandika: "Je, una uhakika unataka kufuta?" Mwalimu akarudi nyuma kama kimemwunguza.

"Kinaniuliza kama nina uhakika! Nani hapa ana uhakika?"

Akamtazama Mjomba. Mjomba akatazama dari. Kisha akanitazama mimi, akasema, "Njoo, mwanangu. Wewe si ndiye uliyekuwa na haraka?"

Nilisimama, nikanyoosha kidole. Jina lako lilikuwa pale kwa herufi za bluu, na chini yake kuna Hapana na kuna Ndiyo. Muda wote ule nilikuwa nikisema moyoni kwamba hii ni kazi ya kidole kimoja. Sikuweza. Nilisimama tu, kidole kiko hewani, na kioo kikaanza kupunguza mwanga kama kinataka kulala. Mwalimu hakunisukuma. Aliniwekea mkono mgongoni, ule wenye chaki, na alama yake ilibaki kwenye sweta yangu mpaka nilipofika nyumbani.

Nikabonyeza Ndiyo.

Kikasema, "Karibu, mwalimu mpya. Andika jina lako." Mwalimu akaanza kuandika. Alitafuta herufi J juu, akaitafuta chini, ilipoonekana darasa zima likashangilia. Akaandika Jsutina, akafuta, akaandika tena. Kengele ikalia hajamaliza, akaendelea tu kuandika, na Mjomba akaaga kwa sababu ndege hawana Jumatatu.

Asubuhi iliyofuata kikasema, "Karibu tena, Mwalimu Justina." Hakuna aliyenigeukia. Nilikuwa nimeisubiri sana siku ambayo hakuna atakayenigeukia, na ilipofika niliinamia dawati nikajifanya natafuta kalamu.

Vishikwambi vimebaki, Mama. Mkuu alikuja akaona desimali, akaondoka bila neno, na kwake hiyo ni sifa. Lakini usidhani nimepumzika. Jana Mwalimu alizima sauti bila kujua, akatufundisha nukta kwa ishara za mikono kipindi kizima. Leo amekiinua juu ya kichwa ili wa nyuma waone, picha ikageuka, akageuza kishikwambi, picha ikageuka tena, akaishia kutuambia tupinde shingo. Tulipinda. Nusura nipasuke. Halafu, kengele ilipokwishalia na wenzangu wametoka, aliniita akaniuliza polepole, macho yake yako mlangoni, kama naweza kubaki kidogo nimwonyeshe, ila isiwe mbele ya watu.

Nilibaki. Anajifunza taratibu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Jambo moja namwonyesha, analishika, anasahau la kwanza. Lakini amebandua ile nailoni, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba. Amesema nisimhesabu kuwa amechelewa, kwa sababu na yeye bado anasoma.

Mama, giza linaingia na Baba ananiita nikaonje wali. Pumzika. Usijali kuhusu namba yako ya siri, haihitajiki tena, kaa nayo. Nakuahidi nitabaki na Mwalimu Justina kila siku atakayoniomba, mpaka aweze kusimama mbele ya Mkuu bila kutetemeka. Na hasira zangu nitakuwa nakuandikia wewe. Yeye nitampelekea mikono tu.

Mwanao,
Enesta