Nimerekodi Magitaa Juu ya Harusi ya Binti Yangu

Mpendwa Shangazi Lornah,

Niokoe kabla sijaaibika mbele ya wakwe zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tatu, mkaaji wa Dagoretti, mtunza stoo katika duka la vipuri vya magari hapa katikati ya jiji, na tena ni mzee wa kanisa, na hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mwaka jana nilisimama mbele ya vijana wetu nikawaambia muziki wa roki ni kelele za shetani, nikamnyang'anya kijana mmoja, Mutiso, kanda zake mbili, nikazipeleka nyumbani nizitupe, na Shangazi, sikuzitupa, nilizisikiliza, na zikaniingia.

Sasa tajiri wangu Gurdeep, mtu wa mizaha lakini roho safi, alitumiwa na ndugu yake aliye Uingereza kanda ya video ya konsati ya roki, uwanja mzima umejaa watu, mwimbaji ana nywele hadi kiunoni na suruali ya ngozi iliyombana mpaka nikamwonea huruma, na mpiga ngoma anatoka jasho hadi fimbo zinamteleza. Gurdeep akaniazima hiyo kanda, na mashini yake ya pili ya video, na waya wa kuiunganisha na yangu, akasema, "Mzee, wewe chukua, rekodi yako, Jumatatu rudisha."

Jumamosi mke wangu Nyakio alienda mkutano wa akina mama wa kanisa, nikavuta pazia, nikaenda kabatini kutafuta kanda ya kurekodia, nikachukua iliyokuwa ndani ya boksi lililoandikwa MKUTANO WA INJILI, nikasema moyoni kwamba mahubiri hayo nimeshayasikia na Mungu anajua. Mashini ikaikataa, kila nikibonyeza kurekodi inaitema, nikampigia Gurdeep simu akaniuliza, "Ile kidude ya plastiki huko nyuma ya kanda iko, ama imevunjwa?" Nikamwambia imevunjwa. "Basi ziba hiyo tundu na selotepu, itakubali." Nikaziba, ikakubali, nikatazama konsati nzima tai ikiwa shingoni na ufagio mkononi ndio gitaa langu, na Mungu anisamehe, sijafurahi hivyo tangu nibatizwe.

Wiki iliyofuata nikapata nafasi nyingine, nikaitazama nakala yangu hadi mwisho, na mwimbaji alipowarushia watu shati lake picha ikaingia chenga chenga, halafu nikatokea mimi mwenyewe, nimevaa suti, nimeshika kipaza sauti, nawaasa vijana waachane na muziki wa kelele. Ilikuwa video ya harusi ya binti yetu Wangui! Mtu alikuwa amechanganya maboksi. Nusu ya kwanza yote imefutika, tangu watu wa bwana harusi walipokuja kumchukua bibi harusi getini kwetu wakiimba, mpaka mambo ya kanisani.

Na hapo getini, Shangazi, ndipo nyanya yake bwana harusi, mama wa miaka zaidi ya tisini, alimshika Wangui kichwa akambariki, nami nimesimama kando nikiwashikia mwavuli. Yule mama alifariki mwezi uliopita. Hakuna mahali pengine sauti yake ilipowekwa. Wazazi wa bwana harusi wametuma habari kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanakuja kwetu, watu kumi na wawili, kumwona na kumsikia tena, na mke wangu ameshatafuta mbuzi.

Nimemwambia Nyakio kwamba mashini imeharibika. Akaleta akina mama wa kanisa wakaiwekea mikono wakaiombea, nami nikaitikia amina. Kisha akamleta fundi Makau, akaifungua, akaipangusa, akasema, "Mzee, hii mashini iko sawa kabisa, leta kanda tujaribu." Nikasema kanda iko kazini. Sasa nawaza niimwagie mashini chai, ama niseme wezi waliingia wakachukua kanda moja tu. Lipi litaaminika zaidi? Tafadhali, usichapishe jina langu.

Mwenye Aibu, Dagoretti

*

Mzee wangu, pole. Sasa nyamaza unisikilize.

Jina lako sijalichapisha, lakini ulinitajia mke, binti, tajiri na fundi, nami nimewaacha wote kama walivyo, makusudi kabisa. Gazeti hili linatoka Alhamisi asubuhi. Ikiwa unasoma haya na bado hujamwambia Nyakio, liweke chini ukimbie nyumbani, maana mmoja wa wale walioiombea mashini ameshafika kwenu anapiga hodi.

Chai usimwage. Mashini haijakukosea kitu, imeombewa, imefunguliwa, imepanguswa, iache ipumzike. Na hao wezi wako wanaoacha televisheni, wanaacha redio, wanabeba kanda ya harusi ya watu, atawaamini nani? Lo!

Kwa muziki sikugombezi. Mtu mzima akipenda gitaa, apende. Ninakugombeza kwa kile kidude. Unadhani kilivunjika chenyewe? Mpiga picha ndiye anayekivunja, na anakivunja ili mtu kama wewe asirekodi juu ya harusi ya watu. Mashini ilikukatalia, ikaitema kanda mara mbili tatu, nawe ukaenda kutafuta selotepu. Tena usiniambie ni bahati mbaya, kwa sababu hata kanda ingekuwa ile uliyodhani, ungekuwa umemfuta mhubiri. Mzee wa kanisa mzima! Kanda za Mutiso nazo zirudishe, umwombe radhi mbele ya vijana wale wale uliowahubiria.

Haya, tufanye kazi. Mwambie Nyakio leo, mkiwa mmeketi, si kwa kumrushia neno mlangoni huku unavaa koti. Na usimtaje Gurdeep kabla hujajitaja wewe. Atapiga kelele, mwache apige, ana haki. Akimaliza, nendeni pamoja kwa mpiga picha wa ile harusi. Wengi wao huweka kwa muda zile kanda walizotoa kwenye kamera kabla ya kukata na kuunganisha, lakini hawaziweki milele, wanakuja kurekodi harusi nyingine juu yake, kwa hiyo usiniambie utaenda wiki ijayo. Ikipatikana, mtengenezewe nakala mbili, moja ya wakwe, na vidude vyote vivunjwe mbele ya macho yako.

Isipopatikana, usiwangoje wakwe waje. Nenda kwao mapema, wewe na mke wako, uwaambie wazi ulichofanya, na ufagio pia kama watauliza. Hao watu wamemzika mama yao juzi. Ni vibaya sana waje kuketi sebuleni kwako wakingojea sauti yake, halafu waone suruali ya ngozi.

Kuna jambo limenikasirisha kuliko yote hayo, na nitalisema. Umenieleza nywele za mwimbaji, jasho la mpiga ngoma, na shati lilivyorushwa. Yule nyanya ulimshikia mwavuli, ameweka mikono yake juu ya kichwa cha mtoto wako, na katika barua nzima hukuniambia alisema nini. Nunua daftari leo. Keti na Nyakio, mwite Wangui, mwite kila mtu aliyekuwa getini asubuhi ile, mwandike maneno yake, kwa lugha aliyoyasema. Daftari hilo ndilo utakalowapelekea wakwe mkononi, hata kama kanda itapatikana. Na ayasome Wangui. Wewe kaa kimya, safari hii usikilize.